Midazolamu kwenye kiti cha meno: soma ampuli kwanza

Kabla hujavunja ampuli (kichupa cha kioo) ya midazolamu, dawa ya sindano ya kumtuliza mgonjwa wa meno, soma mililita moja imebeba miligramu ngapi. Zipo za miligramu 5 ndani ya mililita 5, na zipo za miligramu 10 ndani ya mililita 2. Za pili ni kali mara tano. Uingereza ilitoa tahadhari nchi nzima mwaka 2008 kwa sababu ya wagonjwa waliozidishiwa dozi kwa ampuli hizo kali. Kama stoo ina hizo tu, vuta mililita 2 zote kwenye bomba la sindano la mililita 10, jazia mililita 8 za normal saline (maji ya chumvi ya hospitali), kisha bandika lebo. Sasa mililita 1 ni miligramu 1.

Hii si nusukaputi. Mgonjwa anatakiwa alegee, hofu imtoke, lakini ukimwambia "fungua mdomo" afungue. Asipoitikia sauti umeshavuka mpaka, na hapo anahitajika mtu anayejua kushika njia ya hewa.

Kwa mtu mzima mwenye afya anza na miligramu 1 hadi 2, sukuma polepole, kisha ngoja dakika 2 kamili kwa saa ya ukutani. Ongeza nusu hadi miligramu 1, ngoja tena. Wengi hutulia kabla ya 5, usizidi 7.5. Aliyevuka miaka 60 anza na nusu hadi 1, na jumla isipite 3.5. Damu ya mzee huzunguka polepole, kwa hiyo mpe hata dakika 4 kabla ya kuongeza. Madhara mengi huanzia hapa: dawa haijafika kichwani, daktari ana foleni nje, anaongeza. Baadaye zote zinafika pamoja.

Kosa la pili ni kutibu maumivu kwa midazolamu. Haiui maumivu hata kidogo. Mgonjwa akirusha mikono, ongeza lignokeni, dawa ya ganzi, kwenye fizi.

Uliza dawa anazotumia, na uliza faragha, maana wengi hawatataja ARV mbele ya shemeji aliyewasindikiza. Ritonaviri, ambayo ni mojawapo ya ARV, pamoja na antibiotiki za erithromaisini na klarithromaisini, huzuia ini kuvunja midazolamu. Usingizi unakuwa mzito na mrefu. Huyo mpunguzie sana, au mfanyie kwa ganzi peke yake.

Oksijeni ya puani ni nzuri, ila inaweza kukudanganya: kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitasoma asilimia 98 huku pumzi zikipungua, kwa sababu akiba bado ipo. Tazama kifua. Pumzi zikififia, mwite kwa jina, mwambie avute hewa, inua kidevu, nyonya damu na maji kooni. Mfuko wa kupumulishia uwe mkononi, si kabatini.

Flumazenili, dawa ya kuondoa nguvu ya midazolamu, hutolewa mikrogramu 200 kwa sekunde 15, kisha 100 kila dakika hadi jumla ya 1,000. Lakini huisha mwilini kabla ya midazolamu, na aliyeamka vizuri anaweza kusinzia tena akiwa kwenye bajaji. Mkalishe angalau saa 2 baada ya kumpa. Maelekezo ya nyumbani mwandikie na mkabidhi msindikizaji, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hatayakumbuka: asiendeshe chombo, asipike na asisaini kitu kwa saa 24.