Chumba cha Kiponda kwa Shilingi Laki Tatu

Nilipohamishwa kutoka Wete, Pemba, kuja kusomesha katika skuli moja ya mjini Unguja, nilipata chumba cha kukodi Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, chini kabisa ya nyumba ya mawe ambayo mlango wake unaelekea kichochoro kisichopitika na watu wawili sambamba bila mmoja kugeuka ubavu. Chumba kilikuwa na upana wa mita 2.5 na urefu usiofika mita 4. Mgeni wa Mji Mkongwe hushangaa kuona vyumba vyembamba kama ujia, ilhali sababu ipo juu ya kichwa chake: dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukui kwa urefu autakao mwenye nyumba, kwa hiyo chumba kilijengwa kwa upana ule ambao boriti iliweza kuuvuka, kisha kikaachwa kirefuke kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Aidha, vyumba vya chini katika nyumba kama hizi zamani vilikuwa maghala na maduka zaidi kuliko malazi, na changu hakikujitahidi kulificha hilo.

Nilikuwa na kitanda cha futi 4 kwa 6, godoro, kabati la milango mitatu nililolinunua kwa pupa siku ya kwanza, na shilingi 300,000 nilizozidunduliza kwa ajili ya kukifanya chumba kiwe cha mtu. Fedha hizo nilianza kuzitumia vibaya. Nilikwenda Darajani nikanunua zulia jekundu la nailoni kwa shilingi 70,000, nikalitandika ukuta kwa ukuta, nikajipongeza. Haikutimia wiki ya tatu kabla ya chumba kuanza kunuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya besheni. Bi Mkubwa, mwenye nyumba, aliingia kunisalimia, akainua pembe ya zulia kwa ncha ya kidole, akaniambia: “Mwalimu, hapa chini maji hutoka ardhini. Ukiyafunika yatatafuta njia nyengine, na njia yenyewe ni kifua chako.” Upande wa chini wa zulia ulikuwa na ukungu wa kijani. Nililianika juani siku mbili, halikupona, nikampa mwenye gari ya ng'ombe.

Maneno ya Bi Mkubwa yalinifanya niziangalie kuta kwa jicho jengine. Mpangaji aliyenitangulia alizipaka rangi ya plastiki ya samawati, na rangi hiyo ilikuwa imevimba malengelenge kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Ukilibonyeza lengelenge, unga mweupe wa chumvi unamwagika. Fundi mwashi anayefanya kazi katika mtaa wetu alinieleza chanzo chake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza unyevu wa ardhi, na unyevu huo hupanda ukiwa umebeba chumvi. Ukuta uliopakwa chokaa huuacha unyevu utoke taratibu, ama ukuta uliozibwa kwa saruji au rangi ya plastiki huufungia ndani, mpaka chumvi inapofanya fuwele nyuma ya rangi na kuibandua. Tangu hapo niliamua kwamba fedha ya mwanzo iende ukutani na kwenye hewa, na mapambo yasubiri zamu yao.

Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi inavuma na hakuna mvua, wakati unaofaa kwa kazi hiyo. Siku mbili nilikwangua rangi kwa kisu kipana na kulipiga vumbi la chumvi kwa brashi kavu. Kisha nilinunua chokaa iliyokwishazimwa, nili ya kufulia, brashi pana na glavu za mpira, jumla shilingi 42,000. Chokaa niliiloweka usiku kucha ndani ya ndoo, asubuhi nikaichuja kwa shuka kuukuu, nikaongeza maji mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, na nili kidogo sana ili weupe wake usielekee umanjano. Jambo ambalo fundi alilisisitiza, na ambalo nisingelijua peke yangu, ni kuulowesha ukuta kwa maji kabla ya kupaka, kwa kuwa ukuta mkavu huinywa chokaa kwa pupa na kuiacha unga mtupu unaopukutika.

Mkono wa kwanza ulinikatisha tamaa. Nilipaka saa mbili nzima na ukuta ukabaki vile vile, madoa yakionekana kama nimepaka maji. Nilikaribia kurudi dukani kugombana na muuzaji. Kulipokucha nikakuta weupe umejitokeza, kwa sababu chokaa hugeuka nyeupe kadiri inavyokauka na kukamata hewa. Nilipaka mikono minne, mmoja kila siku, myembamba myembamba, kwani ukipaka mzito hupasuka. Tone moja liliniingia jichoni siku ya tatu, na robo saa nzima nilikuwa nikiosha jicho kwenye bomba la uani huku nikisoma kila dua niliyoikumbuka. Anayetaka kuifanya kazi hii na avae miwani. Chokaa pia ina kasoro yake, nayo ni kuambukiza weupe katika nguo ya mtu anayeiegemea. Pale ninapopenda kuegemea nikisoma nimening'iniza kipande cha mkeka, kilicholegea ili hewa ipite nyuma yake.

Baada ya ukuta ikafuata mipango ya vitu, na hapo kabati liliumbuka. Lilikuwa limekula theluthi ya upana wa chumba, na mgongo wake wa mbao za kubandika ulikwisha kuota ukungu uliohamia kwenye mabuibui yangu. Nililiuza kabati kwa shilingi 110,000, hasara ndogo, na swali likawa wapi zitakaa nguo. Jawabu nililipata kwa kumkumbuka marehemu bibi yangu wa Wete. Samadari yake, yaani kitanda chake cha kizamani, ilikuwa ndefu kiasi kwamba aliipanda kwa kigoda, na sisi wajukuu tulicheza uvunguni baina ya kasha la nguo, mikungu ya ndizi iliyovundikwa na mitungi. Uvungu ule ulikuwa ghala kamili, nasi leo tunanunua vitanda vilivyolala chini kama boti iliyopwelewa, kisha tunalalamika kwamba nafasi hakuna.

Nilikichukua kitanda changu hadi kwa seremala mmoja wa Mwanakwerekwe na kumwomba akitilie miguu ya sentimita 80. Alinitazama. “Mwalimu, utapanda kwa ngazi?” Nilipomtajia samadari alicheka, akaelewa mara moja, na akaongeza kwa hiari yake mbao mbili za mshazari kwa kila upande, kwa hoja kwamba mguu mrefu usiokazwa huyumba na kukata viungo. Alinitoza shilingi 55,000 pamoja na mbao, zilizobaki katika kazi yake ya mlango. Sasa uvunguni mna masanduku mawili ya nguo za kukunja, ndoo ya maji ya akiba, na mkoba wa safari. Masanduku nimeyainua juu ya vipande vya mbao ili yasiguse sakafu, na ndani yake nimetia vifuko vya kitambaa vyenye makonyo ya karafuu, maana sisi wa Pemba karafuu yenyewe tumezoea kuiona ni mali ya kuuzwa, si ya kulaza na nguo. Kitanda nimekitenga na ukuta kwa upana wa kiganja.

Nguo za kutundika zilinipa mtihani mwengine, kwa kuwa Bi Mkubwa amekataza misumari. Tangu sehemu ya Beit-al-Ajaib, lile jumba kongwe la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Disemba 25, 2020, yeye husikia kila nyundo ya jirani kama taarifa ya msiba, nami sikuona haja ya kumpinga mtu anayeipenda nyumba yake. Darini mlikuwa na kulabu tatu za chuma za kutundikia taa za zamani. Kulabu mbili nimezifunga kamba na kuning'iniza mti wa kutundikia nguo, ulionyooka na kupigwa msasa. Ya tatu, iliyo juu ya kitanda, inabeba chandarua. Gharama yake ilikuwa shilingi 12,000.

Vidaka viwili, yaani vishubaka vilivyomo katika ukuta mrefu, viliniokoa na ununuzi wa rafu. Cha juu kina Msahafu na vitabu vichache, cha chini kina chetezo, mafuta na vikorokoro vya kila siku. Lakini fahari yangu ni dirisha. Ukuta wa nje una unene unaokaribia nusu mita, kwa hiyo mbele ya nondo za dirisha mna nafasi ya ndani kama meza ndogo, na urefu wake unalingana na kiwiko cha mtu aliyekaa juu ya kigoda kirefu. Hapo ndipo ninaposahihisha madaftari ya wanafunzi, jioni wakati mwanga wa kichochoro unapokuwa mzuri. Nilipanga kununua meza ya shilingi 60,000. Niliiona dirishani siku nilipoweka kikombe cha chai pale bila ya kufikiri. Kioo kirefu cha mtumba, shilingi 30,000, kimeegemezwa ukuta unaolikabili dirisha, na mwanga mdogo unaoingia hurudi ndani mara ya pili. Balbu ya mwanga wa manjano na waya wake zilinigharimu shilingi 11,000.

Lililobaki lilikuwa pazia la mlango, kwani mlango wangu unatazama ukumbi unaopitwa na wapangaji wote na kuufunga mchana ni kukaribisha fukuto. Nilinunua doti moja ya kanga ya shilingi 14,000 kwa kupenda mji wake, yaani sehemu yake ya kati, zambarau yenye maua meupe, nikaipinda juu na kuipitisha kamba. Jina lake lilikuwa “Hasidi hana sababu”, na naapa sikulizingatia. Asubuhi ya pili jirani wa chumba cha mbele, ambaye siku moja kabla tulipishana maneno kidogo kuhusu zamu ya kufagia uwa, alisimama mlangoni, akasoma polepole kwa sauti, kisha akaniuliza: “Hii imekusudiwa nani, mwanangu?” Hakuna maelezo yanayoweza kumwokoa mtu katika hali hiyo. Niliomba radhi, nikalishusha pazia, nikafanya kipande kimoja kitandiko cha kitanda, jina likiwa limekunjwa chini ya godoro, na kipande cha pili foronya. Mlangoni nimetundika kisutu cha zamani alichonipa mama, chekundu na cheusi, kisicho na jina lolote.

Sakafu niliiacha tupu kwa mwezi mzima. Baadaye mama mdogo wa Wete alinisukia mkeka wa ukindu kwa kipimo cha nafasi iliyobaki baina ya kitanda na ukuta, mita 1.1 kwa 2, nikamtumia shilingi 40,000, nao ukaja kwa boti ukiwa umeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya usumba. Mkeka huo hukunjwa kila Ijumaa na kuanikwa uani, na sakafu iliyo chini yake hupangushwa. Fedha iliyobakia, pamoja na ile ya kabati, ilinunua feni ya kusimama.

Masika yamekuja na kupita mara mbili. Chini ya dirisha, upande wa kushoto, ukuta bado hutoa chumvi, nami huipiga brashi kavu inapojitokeza na kupapaka upya kiraka hicho peke yake, kwa chokaa iliyosalia. Ndoo yake ipo uvunguni, nyuma ya masanduku, na maji yanaifunika kwa kina cha vidole viwili ili isigande.