Kupakia Iosevka kwenye Debian: ile 90 imekuwa 100

Jumamosi usiku. Pakiti ya .deb ya Iosevka, fonti ya waandishi wa msimbo, imejengeka na kusakinishwa kwenye Debian (mfumo wa Linux) bila kelele. Kihariri changu kinaiona fonti, terminali (dirisha la kuandikia amri) haiioni. Nimefungua orodha mara tatu, Iosevka haimo.

Niliichagua kwa sababu herufi zake ni nyembamba, faili mbili zinakaa bega kwa bega kwenye laptopu yangu. Tena maumbo yake yameandikwa kama msimbo, kwa hiyo kila mtu anaweza kujijengea ya kwake: sifuri yangu ina mkwaju ndani, na l haifanani na 1. Leseni ni SIL OFL 1.1, leseni huria ya fonti, na matini yake yote nimeyaweka kwenye debian/copyright, faili ya hakimiliki ya pakiti.

Jumapili. Nimeipitisha faili kwenye fc-scan, amri inayosoma taarifa za fonti, na mbele ya spacing (aina ya nafasi za herufi) pameandikwa 90. Kumbe tatizo ndilo hilo! Kwa fontconfig, programu inayotafuta na kuorodhesha fonti kwenye Linux, 100 ni fonti ya upana mmoja. 90 ni ya pana mbili, mmoja maradufu ya mwingine. Upana wa pili umetoka wapi? Kwenye mishale. Ujenzi wa kawaida wa Iosevka huipa mishale na alama kadhaa nafasi mbili, na terminali yangu inaorodhesha zenye 100 peke yake.

Dawa ni mstari mmoja kwenye mpango wa ujenzi: spacing = "fixed". Gharama yake ni kupoteza alama zinazoungana, kama != inavyogeuka alama moja ya "si sawa". Nilizipenda sana zile. Ila terminalini nasoma majedwali kutwa, na safu iliyopinda inaumiza macho.

Ujenzi mpya ulikatika njiani, kumbukumbu ya mashine ikiwa imejaa. Nikaongeza --jCmd=1 ili ifanye kazi moja moja, nikaenda kulala.

Jumatatu alfajiri: 100! Fonti imo kwenye orodha. Nimeifuta pia hati ya postinst (huendeshwa pakiti ikishasakinishwa) niliyoiandika kuita fc-cache, amri inayosasisha orodha ya fonti. Pakiti ya fontconfig yenyewe huamka kila kitu kipya kinapoingia /usr/share/fonts, kwa hiyo yangu ilikuwa inarudia kazi.

Nimejaribu kwa maneno yetu: ng'ombe, ng'oa, ming'ong'ono. Kile kiapostrofi kimesimama wima katikati ya nafasi yake, hakijaiegemea g. Nimekitazama kwa muda mrefu.

Bado herufi nene na za mlalo. Zinajengwa usiku wa leo.