Gama kwenye pembetatu ya Kanizsa: chanzo ni jicho

Kwenye EEG, yaani umeme wa ubongo unaopimwa kichwani, ule mlipuko wa gama (mawimbi ya kasi) wa kati ya milisekunde 200 na 300 baada ya picha kutokea hatimaye umepata dawa. Ulikuwa unavutia: 30 hadi 90 Hz, mkubwa diski tatu zilizomegwa zinapounda pembetatu ya kiinimacho, mdogo zinapogeuziwa mdomo nje. Lakini mwaka 2008 Yuval-Greenberg na wenzake walionyesha kwamba gama ya aina hii hutoka kwenye misuli ya macho. Picha ikitokea, jicho hutulia kidogo, kisha huanza tena vimruko visivyofika hata digrii moja, na kila kimruko hutoa mwiba wa umeme. Kwa kuwa miiba haiji wakati uleule kila mara, wastani wa kawaida huififisha. Wastani wa nguvu za masafa huibakiza yote. Rejea, yaani elektrodi ambayo nyingine hulinganishwa nayo, ikiwekwa puani, balaa huzidi. Ndewe ni afadhali.

Ndiyo maana chaneli nne kati ya nane za Cyton, bodi ya kurekodi EEG, sasa zimekwenda machoni: juu, chini, kushoto, kulia. Chukua wastani wake, toa Pz (elektrodi ya utosini), chuja 30–100 Hz, weka kizingiti, kisha tupa kila kipande cha rekodi chenye mwiba. ICA, mbinu ya kutenganisha vyanzo vya ishara, haisaidii hapa, chaneli nane ni chache mno. PO7, PO8 na Oz, za kisogoni, ndizo zinazobaki kwa ubongo, na zinatosha: N1, wimbi hasi la kuitikia picha, karibu milisekunde 150 na kuendelea, inazama zaidi kwenye kiinimacho, gama iwepo isiwepo. Hiyo ndiyo ya kuaminiwa.

Alama ya muda wa picha kutokea itoke kwenye fotodiodi (kihisi mwanga) iliyobandikwa pembeni mwa skrini. PsychoPy, programu ya kuonyesha picha, ni nzuri, lakini fremu moja ikiruka kwenye skrini ya 60 Hz unapoteza milisekunde 16.7, na N1 inatawanyika. Kichujio cha 50 Hz, cha kuondoa mvumo wa umeme wa ukutani, kisiwe kimbilio la kwanza. Chomoa chaja ya kompyuta, shusha ukinzani wa elektrodi chini ya kilo-omu 10.

 Sasa ni zamu ya mraba wa kiinimacho, wenye diski nne: jozi moja ya diski za mkabala imetamete kwa 6 Hz, nyingine 7.5 Hz, kwa sekunde 10. Kilele kikitokea 13.5 Hz, yaani jumla yake, si zao la masafa yoyote kati ya hayo mawili peke yake. Kuna mahali kwenye ubongo yamekutana. Diski zilizogeuzwa zipimwe vilevile, maana skrini nayo inaweza kuyachanganya.