Usiku wa Ijumaa ni lini?

Semesta hii nimepewa tena kozi ya utangulizi wa uhandisi wa programu, mwaka wa kwanza, na kama kawaida hujamaliza hata kujitambulisha kuna kijana nyuma kule anauliza, "Sir, tunaanza lini kukodi?" yani kuandika programu. Nikamwambia bado sana. Wakanuna.

Grupu moja nikalituma Ngamiani, Tanga, kwa mama mmoja anayekodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli (huko ndo kukodi kwenyewe), wamtengenezee mfumo wa kupokea oda maana yeye kila kitu kipo kwenye daftari. Wakakaa nae kidogo tu, haooo wakakimbilia leptopu. Wiki ya tatu wakaja na demo, rangi zimekaa vizuri, testi zote za kukagua programu zimepita, hata mi nikavutiwa.

Basi tukaenda kwa mama ajaribu na oda ya kweli. Akasoma daftarini: viti mia mbili, maulidi, usiku wa Ijumaa saa tatu. Kijana akachapa Ijumaa, 03:00, na mfumo ukapokea bila kinyongo. Mama kuangalia kioo, akacheka mpaka akashika ukuta. "Wanangu, saa tisa usiku nani anasoma maulidi?" Wakarekebisha fasta, 21:00. "Bado. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi hiyo." Kwa wazee wetu wa pwani siku inaanza jua likizama, usiku unautangulia mchana wake, sasa yule kijana wa Mwanza kwenye grupu ndo anasikia kwa mara ya kwanza maishani, yani viti vingefika kesho yake watu washakula pilau wamekaa chini!

Na zile testi je? Walizitunga wenyewe kwa uelewa uleule uliokosea, lazima zipite.

Njiani nikawasimulia Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea Septemba 1999 kikiwa ndo kinafika Mars. Programu moja huku duniani ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha paundi, iliyozipokea ikajua ni kipimo cha nyutoni, tofauti yake ni zaidi ya mara nne, chombo kikashuka chini kuliko kilivyotakiwa na ndo ikawa basi. Ukikagua hesabu za kila upande peke yake huoni kosa.

Noti zangu huwa zinaanza na mkutano wa NATO wa Garmisch, Ujerumani, 1968, uliolieneza jina la hii fani maana mifumo ilikua inachelewa na kula hela kupita bajeti. Mwakani naupeleka mwisho, naanza na daftari la mama.

Vijana wamerekebisha, sasa kabla ya kusevu kioo kinauliza "Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa tatu usiku, sawa?" Mama akaangalia, akatikisa kichwa kuridhika, alafu akafunua ukurasa mwingine.

"Haya, na sahani zilizovunjwa mnaziandika wapi?"

Wakatazamana.