Mabenchi ya kanisa letu: mbao bado zinakauka

Kwa anayeanza kufuatilia sasa: kanisa la mtaa wetu huku Old Moshi liliungua usiku, mwanzoni mwa mwaka. Kuta za mawe zimesimama, lakini paa liliangukia ndani likateketeza kila kitu, hadi tarumbeta za vijana. Mtu hakuumia. Usharika umebeba gharama za paa. Mimi ni mwalimu ninayependa useremala, nikaomba nipewe kazi ya kutengeneza mabenchi.

Mei

Mabenchi ya zamani yalikuwa ya mkafuri, yananukia ukifungua tu mlango Jumapili asubuhi. Mbao hizo hatuzipati tena. Msitu wa juu uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na mimi naunga mkono, maana maji ya mifereji yetu yanatoka humo. Tumegeukia mgrevilea, ule tunaoupanda vihambani, mashamba yanayozunguka nyumba zetu, kuipa kahawa kivuli.

Tangazo lilipotolewa baada ya ibada, nilitegemea miti michache. Akasimama mama mmoja mjane, akasema mti ulio nyuma ya zizi lake uchukuliwe, aliupanda marehemu mumewe. Baada yake watu hawakuacha kusimama. Majirani zetu Waislamu, waliowahi na ndoo za maji usiku ule wa moto kabla hata kengele haijapigwa, wakatoa miti miwili.

Mzee wa kanisa alifuatilia kibali cha kukata. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, vijana walibeba magogo begani hadi barabarani, kwa kuwa gari haliingii mgombani. Baada ya kupasua, kila ubao nimeuandika kihamba ulikotoka. Nataka mti wa nyumba moja utoke benchi moja, usichanganywe.

Julai

Baridi na ukungu, mbao zinakauka polepole sana. Nimezipanga chini ya bati, vijiti katikati ili upepo upite, ncha nimezipaka rangi ya mafuta zisipasuke. Mgrevilea ukiuunda ungali mbichi, unajipinda.

Kamati inataka mabenchi kabla ya Krismasi, ndugu zetu wa Dar wakipanda nyumbani. Mzee mmoja akaniuliza: mbona kanisa la Notre-Dame kule Paris, lililoungua Aprili 2019, mafundi walichonga paa kwa mialoni mibichi, na likafunguliwa Desemba 2024? Swali zuri, na miti ile pia ilichangwa na wenye misitu kutoka kila upande wa Ufaransa. Lakini boriti nene ya paa hukaukia pale pale ilipofungwa, na viungo vyake huzidi kukaza. Ubao wa kukalia ni mwembamba. Ukipinda, benchi linayumba na bibi zetu ndio watakaoanguka. Nimesema hapana, na mchungaji ameniunga mkono. Parokia ya Wakatoliki iliyo jirani imetuazima viti vya plastiki hadi tutakapomaliza.

Septemba

Benchi la kwanza limekamilika! Limetokana na mgrevilea ulioangushwa na upepo zamani, ukapasuliwa ukawekwa darini kwa mzee mmoja. Miguu nimeiunga kwa ulimi unaoingia kwenye tundu, gundi na kigingi cha mbao, bila msumari. Tundu nilizichonga kwa patasi, kazi ndefu kuliko kuranda.

Gundi na msasa vimetoka kwenye mnada wa Jumapili. Mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa, ukarudishwa mezani, ukauzwa tena na tena; aliyeushinda mwisho akampelekea mama yule mjane.

Kinachofuata ni miguu ya mabenchi ya mbele, kwa mbao zilizotangulia kukauka. Ninahitaji patasi ya nusu inchi na jiriwa ndefu za kubana ubao. Mwenye navyo na anapanda Desemba, avipakie. Nitavitumia na kuvirudisha.