Redio ya msituni iliyorekodiwa mjini

Jana usingizi ulinikataa, nikajikuta nasoma nyaraka za zamani za CIA kuhusu Guatemala. Jamani! Mwaka 1954 Marekani ilitaka kumng'oa Rais Jacobo Árbenz, ikaanzisha redio iliyoitwa Sauti ya Ukombozi. Watangazaji walijidai wako msituni humo humo Guatemala, bega kwa bega na waasi. Msitu gani! Vipindi vilirekodiwa Miami. Kuna siku waliigiza hewani kwamba askari wa serikali wamewavamia studio, makelele na vurugu tupu. Nilicheka peke yangu gizani, halafu nikaacha kucheka.

Maana waasi wenyewe walikuwa kama 480 tu, lakini redioni wakawa jeshi zima linaloukaribia mji mkuu. Maofisa wa jeshi wakaingiwa na ubaridi, na tarehe 27 Juni Árbenz akajiuzulu. (Ndege nazo zilidondosha mabomu, tusidanganyane, si maneno matupu.)

Saa tisa usiku bado najiuliza: ningekuwa nimekaa mbele ya redio ile, ningeshtukia mchezo? Thubutu. Mimi ningeshafunga mabegi kitambo.