Mama mdogo na kitabu cha kusikiliza

Leo nimemfungulia mama mdogo Libby, ile app ya kuazima vitabu vya maktaba, kwenye simu yake, tupo hapa Columbus, Ohio.
Kadi ya maktaba anayo kitambo ila alikuwa anaitumia kuazimia wajukuu vitabu vya picha tu, yeye mwenyewe macho yanamsumbua na akitoka kazini usiku kachoka hawezi kusoma.

Kachagua riwaya ya kusikiliza, ikasema subiri foleni. Akashangaa, foleni ya nini na kitabu kiko kwenye simu? Nikamwelezea maktaba inalipia leseni, nakala moja anasikiliza mtu mmoja kwa wakati mmoja, siku zikiisha inajirudisha yenyewe. Na faini za kuchelewesha hapa walishafuta tangu 2017.

Tukapata nyingine iliyokuwa wazi.
Msomaji anaongea mbio jamani, nikampunguzia kasi.

Basi kakaa pale anakunja nguo, mara mikono ikasimama, shati limeshikwa hewani, akaniambia “nyamaza kwanza mwanangu, huyu dada anataka kuondoka kwake.”

Yaani nimefurahi!!

Nani mwingine kamwekea mzazi wake? Niambieni vitabu gani vinasomwa taratibu, nimpangie vya wiki ijayo.